Nilikwisha Kusimama, Nikapitiliza

Video ile nikifanya dedilifti, zoezi la kunyanyua nondo kutoka sakafuni, bado ninayo kwenye simu. Ni ya sekunde kumi na moja tu. Nondo ina sahani tatu za chuma za kilo 20 kila upande. Ukijumlisha na nondo yenyewe, ambayo ni kilo 20, unapata kilo 140. Ukiitazama harakaharaka utanipa hongera. Nondo inaondoka sakafuni bila mgongo kupinda, inapita magoti bila kusita, nasimama. Tatizo ni kwamba sikuishia hapo. Nilizidi kusukuma nyonga mbele, nikalaza mabega nyuma, nikatazama dari kama mtu anayetafuta paa linavujia wapi. Nilikuwa naiambia kamera kwamba nimeshinda. Hapo ndipo kitu kikanichoma kiunoni, upande wa kushoto, kidogo tu, mfano wa mwiba.

Sikuanguka, wala sikuiachia nondo. Niliishusha, nikamgeukia rafiki yangu aliyenishikia simu nikamuuliza, "Umenipata vizuri?" Kisha nikafanya seti mbili zaidi, yaani mafungu mawili mengine ya minyanyuo, kwa sababu ratiba ilisema seti tano. Ukiniuliza kosa kubwa ni lipi, kule kujilaza nyuma au zile seti mbili za nyongeza, nitakwambia ni zile seti mbili. Kujilaza ulikuwa ujinga. Kuendelea baada ya mwili kusema ulikuwa ukaidi.

Asubuhi iliyofuata nilishindwa kuvaa soksi. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, soksi mkononi, nikiutazama mguu wangu kana kwamba ni wa mtu mwingine aliye mbali.

Kwa asiyelijua zoezi lenyewe: dedilifti ina maelezo mafupi kuliko mazoezi yote ya vyuma. Nondo iko sakafuni, unainama, unaishika, unasimama nayo. Pale mwisho, magoti yakiwa yamenyooka, nyonga zimenyooka na mabega yako mahali pake, ndipo tunapoita kufunga. Ajabu ni kwamba karibu kila anayefundisha hutumia pumzi zake zote kwenye mwanzo: mgongo usijikunje, makalio yasipande kabla ya mabega, nondo isikae mbali na miguu. Mimi niliyashika hayo yote. Kuhusu kufunga nilikuwa na maneno matatu tu niliyoyaokota mahali, "vuta mabega nyuma", nikayatafsiri nijuavyo mwenyewe.

Wiki ya kwanza niliitumia vibaya. Nililala. Nilidhani kiuno kilichoumia ni kama mfupa uliovunjika, usiguswe mpaka uunge. Siku ya tano nilikuwa mgumu kama ubao, na maumivu yalikuwa yameongezeka. Nilikwenda kwa daktari nikiwa nimejiandaa kupigwa picha na kuambiwa habari mbaya. Badala yake aliniuliza maswali yaliyonitisha kuliko picha yoyote: je, nimepata ganzi sehemu za siri au kati ya mapaja? Nimeshindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au mkojo unagoma kutoka? Mguu mmoja unalegea? Nilijibu hapana kwa yote. Akasema kama ingekuwa ndiyo hata kwa moja, ningetakiwa kukimbilia hospitali siku ileile bila kungoja miadi. Nayaandika hapa makusudi, maana wanyanyua vyuma tuna tabia ya kuyavumilia mambo yasiyovumilika.

Picha hakunipiga. Alisema kwa maumivu mapya ya kiuno yasiyo na dalili hizo, picha mara nyingi haibadilishi matibabu, na akaniamuru nitembee. Nitembee! Kisha akanielekeza kwa mtaalamu wa fiziotherapia.

Huko ndiko nilikopigwa na butwaa. Mtaalamu aliniambia niiname polepole kama ninayetaka kugusa vidole vya miguu. Niliinama nikiwa na hofu, nikafika karibu na miundi, haikuuma sana. Akaniambia, "Sasa simama, jilaze nyuma." Sikufika hata robo. Ule mwiba ukarudi palepale. Muda wote nilikuwa nikijilaumu kwamba nilipinda mgongo chini bila kujua, kumbe mwili ulikuwa unalalamikia kilele.

Alinieleza kwa mkono wake, akikunja ngumi na kuipanga juu ya nyingine. Mbele ya pingili za uti wa mgongo kuna diski zinazobeba uzito. Nyuma kuna viungo vidogo, jozi kwa kila pingili, ambavyo kazi yake ni kuongoza mwendo na kuuzuia usizidi. Ukijilaza nyuma, vile viungo vidogo vinabanana. Ukijilaza nyuma bila kitu mkononi, si neno, watu hufanya hivyo kila wanapopiga miayo. Ukijilaza nyuma na kilo 140 zinaning'inia mikononi, umevikabidhi viungo hivyo mzigo ambao sekunde moja kabla yake ulikuwa umebebwa na makalio na mapaja.

Nilitoka pale na mazoezi mepesi ya kufanya nyumbani na aibu kubwa.

Pale tunapofanyia mazoezi kuna mzee mmoja tunayemwita Babu. Aliwahi kushindana enzi zake. Siku hizi hunyanyua uzito wa kawaida, polepole, na hupenda kukaa juu ya benchi akifunga kamba za viatu kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Siku ya video alikuwepo na hakusema kitu. Niliporudi baada ya wiki tatu, natembea kama mtu aliyebeba ndoo, nikamwonyesha.

"Isimamishe hapo, mjukuu wangu," alisema. "Hapa umefanya nini?"

"Nimesimama, Babu."

"Basi hiki kinachofuata kinaitwaje?"

Sikuwa na jibu. Nilimuuliza kwa nini hakunikataza siku ile. Akaniuliza kama ningemsikia. Hilo nalo sikuwa na jibu lake.

Kisha akanieleza kanuni ambayo ningeisoma mapema ningejiokolea miezi. Katika mashindano ya kunyanyua uzito ya aina ya powerlifting, yanayosimamiwa na shirikisho lake la kimataifa, IPF, mnyanyuo unakamilika magoti yakiwa yamefungwa yamenyooka na mabega yakiwa nyuma, umesimama wima. Mwamuzi mkuu akiona hivyo anashusha mkono na kutamka amri ya kushusha. Hayo mabega nyuma maana yake ni kwamba yasibaki yameporomokea mbele. Hakuna mwamuzi anayekuongezea hata gramu moja kwa kutazama dari. "Simama kama unapimwa urefu," alisema Babu. Nimepewa maelekezo mengi maishani kuhusu zoezi hili, na hilo ndilo lililoingia na kukaa. Mtu anayepimwa urefu hajilazi nyuma, kwa sababu kuna ubao mgongoni. Wala haachi magoti yamelegea, kwa sababu anataka kila sentimita aliyojaliwa.

Nilianza upya na fimbo ya fagio. Sina haya kusema. Unaiweka fimbo mgongoni, iguse kisogo, katikati ya mabega na juu ya makalio, kisha unasukuma makalio nyuma kana kwamba unafunga mlango kwa sababu mikono imejaa vitu. Fimbo ikiachana na sehemu moja kati ya hizo tatu, ujue mgongo umebadilika umbo. Nilifanya hivyo wiki mbili, mara nyingi nikiwa nimeupa ukuta mgongo, nikisogea hatua ndogo ndogo mbele mpaka makalio yaufikie ukuta kwa shida. Zoezi la kitoto, lakini ndilo lililonifundisha kwamba dedilifti yote, kuanzia chini hadi juu, ni nyonga zinazojikunja na kujikunjua. Mgongo kazi yake ni kukaa kimya.

Halafu nondo, kwa kilo 40. Hapa kuna jambo dogo ambalo wanaoanza au wanaorudi kutoka majeruhi hawaambiwi. Sahani kubwa za kawaida zina kipenyo cha sentimita 45, ndiyo maana nondo hukaa kama sentimita 22 na nusu kutoka sakafuni. Ukitia sahani ndogo za kilo 10 zenye kipenyo kidogo, nondo inashuka, nawe unalazimika kuinama zaidi kwa uzito ambao ulikusudiwa uwe rahisi. Inua sahani hizo juu ya mbao au sahani nyingine zilizolazwa, kimo kiwe kilekile. Na vua viatu vyenye soli laini nene. Kukimbilia ni vizuri. Kusimamia kilo mia ni kama kusimama juu ya godoro.

Nilichogundua polepole, na hiki ndicho hasa kilichonifanya niandike, ni kwamba kule kufunga kwangu kubaya hakukuanzia juu. Niliporekodi kutoka ubavuni badala ya mbele, niliona nondo yangu ikianza karibu na miguu, kisha inapopita magoti inajitenga na mapaja, kama upana wa vidole vitatu. Vidole vitatu ni vichache machoni tu. Kadiri nondo inavyokaa mbali na nyonga ndivyo mzigo unavyokuwa mzito kwa mgongo, kama vile ndoo ileile ilivyo nzito ukiishika mkono umenyooshwa mbele. Basi nikifika juu nilikuwa nimetanguliwa na nondo, na njia pekee ya kusawazisha ilikuwa kujitupa nyuma. Jinsi nilivyojitupa mbele ya kamera siku ile ilikuwa majivuno, kweli, lakini majivuno yalipanda juu ya kosa lililokuwapo tayari.

Dawa yake iko chini kabisa, kabla sahani hazijaachana na sakafu. Simama nondo ikiwa juu ya katikati ya wayo, si juu ya vidole. Shika nondo, shusha magoti mbele mpaka miundi iiguse. Kisha kaza misuli ya mbavuni, ile mikubwa iliyo chini ya kwapa, kana kwamba kuna mtu anataka kukutekenya nawe unamzuia. Misuli hiyo ndiyo inayoibana nondo ikupande miguuni. Vuta ulegevu wa nondo mpaka usikie chuma kinalia ndani ya tundu la sahani, ndipo usukume sakafu. Ukivuta ghafla kama unayewasha injini ya jenereta kwa kamba, mikono inanyooka kwa mshtuko na umbo lote ulilolijenga linamwagika.

Pumzi: vuta hewa ishuke tumboni, kaza tumbo pande zote kama unayesubiri ngumi, ishikilie mpaka nondo ipite sehemu ngumu. Mkanda ukiuvaa, kazi yake ni kulipatia tumbo kitu cha kusukumana nacho. Mkanda haumkazi asiyejikaza. Mwenye shinikizo la juu la damu aongee na daktari wake kabla ya kuzoea kubana pumzi chini ya uzito mkubwa, maana shinikizo hupanda sana wakati ule. Eddie Hall, mshindani wa mashindano ya watu wenye nguvu kutoka Uingereza, alipofunga dedilifti ya kilo 500 mwaka 2016 alitokwa na damu puani na kuzimia. Mwaka 2020 Hafþór Björnsson wa Iceland akaongeza kilo moja, 501. Nilizitazama video zao mara nyingi sana kabla ya kuumia, na nakiri nilikuwa naiga sura zao kuliko mnyanyuo wao.

Sasa ile sehemu yenyewe. Nondo ikipita magoti, acha kufikiria kuvuta. Neno kuvuta lilinipotosha kwa miaka, kwa sababu mtu anayewaza kuvuta hutumia mgongo na mikono. Waza kuleta nyonga zikutane na nondo. Makalio yakaze, yasukume nyonga mbele, magoti yamalizie kunyooka wakati uleule. Wakati uleule ni muhimu. Nilikuwa na kipindi ambacho magoti yangu yalinyooka mapema mno, nondo ikiwa bado chini ya nusu ya paja, na kilichobaki kikawa kazi ya kiuno peke yake. Kinyume chake ni kukunja tena magoti na kuyaingiza chini ya nondo, ukiipumzisha juu ya mapaja ili uisukume kwa vipande. Kwenye mashindano ya IPF hilo ni kosa, mnyanyuo unakataliwa. Kwenye mashindano ya watu wenye nguvu, kama yale ya akina Hall, linaruhusiwa. Kwangu mimi nisiyeshindana lilikuwa dalili tu kwamba nimebeba zaidi ya uwezo.

Makalio yakishakaza, umefika. Mbavu zibaki zimeshuka, zisifunguke kwenda juu, kidevu kibaki kilipo, macho mbele. Jaribu hili bila uzito sasa hivi ulipo: simama, kaza makalio kwa nguvu zote. Utaona kiuno kinajinyoosha chenyewe na tumbo linakaza kidogo. Hapo ndipo kufunga kulipo. Sasa yalegeze makalio, ujilaze nyuma. Utausikia uzito wa kifua ukihamia kiunoni, bila hata kilo moja mkononi. Mimi nilipolifanya hilo mara ya kwanza kwenye chumba cha mtaalamu, nilitamani kufuta ile video.

Mshiko niuseme haraka. Juu ndipo vidole hufunguka, na mtu anayehisi nondo inamponyoka huharakisha na kujitupa nyuma. Nilirudi kwenye mshiko wa viganja vyote viwili kuelekea mwilini kwa seti zote nyepesi, ili vidole vijifunze, na mshiko wa kupishana viganja nikauacha kwa uzito mkubwa. Ukipishana, mkono ule uliogeuza kiganja mbele usikunje kiwiko hata kidogo. Misuli ya mbele ya mkono imewahi kuwakatikia watu hapo. Mikono ni kamba. Chaki itumie, na sugu za viganja zisugue mara kwa mara kabla hazijachanika zenyewe.

Kushusha nako nilikujifunza upya. Nilikuwa nakunja magoti kwanza, nondo inagonga magoti, nami nainama kuikwepa. Makalio yatangulie nyuma, nondo iteleze mapajani, ikivuka magoti ndipo uyakunje.

Mazoezi ya pembeni yaliyonisaidia yalikuwa machache. Kwanza dedilifti ya Kiromania, ambapo huanzii chini bali unaanzia umesimama, unashuka magoti yamelegea kidogo mpaka misuli ya nyuma ya paja ivutike, kisha unarudi juu kwa makalio. Niliifanya kwa uzito mdogo na kusimama sekunde mbili kila nikifunga. Kisha kusukuma nyonga juu ukiwa umeegemeza mabega kwenye benchi. Nikajaribu pia kuvuta nondo kutoka juu ya mbao, kimo cha chini ya goti. Hilo lilinikera. Kwa kuwa safari ni fupi, unaweza kubeba kilo nyingi kuliko kawaida, na kichwa changu kikaanza tena kuhesabu kilo. Nikaliacha. Labda linakufaa wewe, mimi najijua.

Kulikuwa na usiku nilipofikiri kwamba nimejiharibu moja kwa moja. Kupiga chafya kulinitisha. Kumwinua mtoto wa dada yangu nilikataa kwa kisingizio, naye akanuna, nikajiona mzee kabla ya wakati. Akiba niliyokuwa nimeiwekea mambo mengine iliishia kwenye matibabu. Nilipomwambia Babu kwamba huenda mgongo wangu hauna umbo la zoezi hili, alinitajia Lamar Gant, Mmarekani ambaye uti wake wa mgongo ulikuwa umepinda ubavuni tangu ujana, na mwaka 1985 akanyanyua takriban kilo 300 akiwa na uzito wa kama kilo 60, mtu wa kwanza kufikia mara tano ya uzito wake katika dedilifti. Hakusema kwamba nami nitafanya hivyo. Alisema tu, "Yule alikuwa na sababu ya kuogopa mgongo wake. Wewe una sababu ya kuuheshimu." Kisha akaendelea na kamba zake za viatu.

Niliongeza kilo tano kwa wiki nilipoweza, na wiki nyingine sikuongeza kitu. Sheria yangu ilikuwa moja: kila seti niimalize nikiwa bado na uwezo wa kunyanyua mara mbili nyingine, na mnyanyuo wowote ambao sikuweza kukaa nao juu kwa sekunde mbili nikiwa nimetulia, uzito ule haujawa wangu. Mara mbili kiuno kilinung'unika. Mara zote mbili nilitoa sahani, nikarudi kwenye kilo 60, nikaondoka mapema. Hiyo ndiyo sehemu ambayo ningependa ningeijua siku ile ratiba iliposema seti tano.

Ilinichukua miezi saba kurudi kwenye kilo 140. Sikumwambia mtu arekodi. Babu alikuwa kwenye benchi lake, akaona sahani ninazopanga, akainuka akaja kusimama mbele yangu hatua tatu hivi, mkono mmoja juu, kama mwamuzi. Nilivuta pumzi, nikausikia mlio wa chuma ndani ya sahani, nikasukuma sakafu. Nondo ilinikwaruza miundi, ikapanda mapajani, makalio yakakaza. Nilisimama.

Babu hakushusha mkono. Alinitazama magoti, akanitazama mabega, akanitazama usoni, taratibu kabisa, kama mtu anayekagua kitambaa dukani. Vidole vilianza kuniwaka. Nilikuwa nimenyooka na macho yangu yako kwenye kiganja chake.

"Shusha," akasema.